Siku Nakhumicha Alipokataa Kutafsiri

Mhubiri mgeni akikohoa, Nakhumicha naye hukohoa. Mhubiri akipiga goti moja, Nakhumicha hupiga mawili. Akianza kulia, atamkuta mwenzake ameshalia, ameshajifuta, anamngojea. Ndivyo tulivyomjua sisi wa kanisa la mabati la Manyatta, hapa Kisumu, ambako yeye ndiye mkalimani wa wageni wote wanaohubiri kwa Kiingereza. Siku nyingine za wiki huwa tunauza pamoja soko la Kibuye, yeye viatu vya mitumba, mimi mikanda na mikoba, meza zetu zikigusana. Kwa hiyo nikisema kwamba sauti yake huanza kuchemka asubuhi na haipoi hadi jioni, nasema ninachokijua. Sikio langu la kushoto ndilo lililo upande wake.

Alizaliwa Kimilili, akaletwa Kisumu na ndoa. Mumewe, Waliaula, huendesha trekta la miwa huko Muhoroni na hurudi nyumbani kila mwisho wa wiki kwa pikipiki. Kiingereza, Nakhumicha alipata kidogo shuleni na kingi redioni. Kidholuo alikiokota sokoni kwa kubishana na wateja. Na neno asilolijua halijawahi kumzuia. Mhubiri mmoja alisema dhambi zetu zitakuwa nyeupe kama theluji. Sasa Manyatta theluji imeonwa na nani? Nakhumicha akainua mkono akapaza sauti: "Nyeupe kama ugali uliosongwa na mama mkwe siku ambayo amefurahi!" Kanisa zima likasimama. Mhubiri akadhani ni theluji iliyotugusa, akairudia mara tatu, na mara tatu ugali ukasongwa.

Akikutana na neno lililomshinda kabisa, alikuwa na dawa yake: "Haleluya!" Sisi tulijibu kwa nguvu, na neno lile likapita katikati ya kelele bila kukaguliwa.

"Mkalimani ni bomba," aliniambia siku moja huku akipiga brashi kiatu cha kushoto ambacho mwenzake alikuwa hajulikani alipo. "Bomba haliulizi maji yametoka wapi. Likianza kuuliza, watu watakufa kwa kiu."

Basi Maryanne alipokuja pale sokoni kumwomba atafsiri mazungumzo ya sayansi, hakusita hata kidogo. Maryanne ni binti wa watu wa Asembo Bay, na ndiye anayeongoza kikundi cha vijana kwenye ukumbi wetu wa mtaa. Alikuwa amempata Daktari Griffin Owiti, kijana aliyekulia hapa hapa Manyatta, ambaye sasa anafundisha fizikia chuo kikuu. Daktari alikubali kuja, ila kwa sharti moja: azungumze Kiingereza. Alisema anaweza kupatana bei ya omena kwa Kidholuo na kugombana na kondakta kwa Kiswahili, lakini fizikia ilimwingia kwa mlango wa Kiingereza na inakataa kutokea mlango mwingine.

"Atazungumza kuhusu nini?" Nakhumicha akauliza.

"Wakati, Mama," Maryanne akasema.

"Wakati wa mwisho?"

"Hapana, wakati tu. Saa. Jinsi unavyopita."

Nakhumicha akacheka hadi mteja akaweka chini kiatu alichokuwa anakipima. "Mimi nimetafsiri Ufunuo wa Yohana, mnyama na vichwa vyake saba na pembe zake zote. Saa ndiyo itanishinda?"

Jumamosi ilipofika ukumbi ulijaa, na sababu si mapenzi ya sayansi. Maryanne aliogopa viti vitupu, akatangaza chai na mandazi. Pia aliwaleta jamaa zake. Mbele kabisa aliwaketisha wazee wawili kutoka Asembo Bay: baba yake, Mzee Odongo, na pacha wa baba yake, Mzee Opiyo.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwa Waluo pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Opiyo, yaani aliyeharakisha. Anayefuata ni Odongo, aliyebaki nyuma. Kwa wazee hawa tofauti yenyewe ilikuwa ndogo mno. Inasemekana mkunga alikuwa hajamaliza kunawa mikono. Lakini juu ya tofauti hiyo ndogo nyumba nzima ilikuwa imejengwa. Opiyo ndiye aliyezungumza kwanza kwenye mikutano ya ukoo. Opiyo ndiye aliyenawishwa kwanza. Kichwa cha samaki kilikwenda kwa Opiyo tangu walipoota meno, na sasa meno yalikuwa yanakwisha na kichwa bado kilikuwa kinakwenda kwa Opiyo. Hata kofia ya sufi alivaa yeye peke yake. Odongo akinung'unika kwamba ni dakika chache tu, kaka yake humjibu, "Mlango hufunguliwa na anayefika kwanza."

Nakhumicha hakuwajua wazee hawa. Naapa hakuwajua.

Daktari Owiti akasimama, mwembamba, amevaa viatu vyeupe vipya ambavyo mimi na Nakhumicha tulivitathmini papo hapo kwa macho. Akaanza kwa Kiingereza, taratibu, kwamba tufikirie mapacha wawili.

"Hapo zamani kulikuwa na mapacha wawili," Nakhumicha akanguruma, "Opiyo na Odongo!"

Wale wazee wakaketi wima. Daktari akamtazama, maana hakuwa ametaja jina lolote, lakini akaendelea. Akasema mmoja anabaki hapa duniani, na mwingine anaondoka kwa chombo kinachokwenda karibu na kasi ya mwanga.

"Odongo akabaki nyumbani, kama jina lake. Opiyo akaingia kwenye chombo. Na chombo hicho, ndugu zangu, kinakimbia hivi kwamba radi inakipungia mkono ikiomba lifti!"

"Hiyo sijasema, Mama," Daktari akamnong'oneza kwa Kiswahili safi. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake mchana ule: alisikia kila kitu.

"Anasema kasi yenyewe haisemeki!" Nakhumicha akatangaza.

Daktari akaendelea. Akaeleza kwamba chombo kinakwenda hadi kwenye nyota fulani, kinageuka, kinarudi. Kwa aliyebaki duniani imepita miaka kumi. Kwa aliyekuwa ndani ya chombo imepita sita tu. Si kwamba anahisi ni sita, au saa yake imekwama. Nywele zake zimekua kwa miaka sita, moyo wake umepiga mapigo ya miaka sita.

Nakhumicha alifanya kazi yake. Tulimwona Odongo akingoja, mvi zikimpanda, akijenga, akioza mabinti, akizika ng'ombe wake mzuri. Tukamwona Opiyo akiteremka kutoka angani, tumbo limeingia ndani, uso unang'aa, akimwamkia ndugu yake kwa heshima kama anavyoamkiwa mzee.

"Ng'ombe ametoka wapi?" Daktari akauliza. Lakini Mzee Odongo alikuwa ameshasimama.

"Rudia hapo," akasema Odongo. "Opiyo akienda akarudi, anakuwa nani?"

Daktari akajibu mwenyewe. "Kwa umri, Mzee, anakuwa mdogo wako."

"Mdogo wangu!"

"Kwa miaka minne."

Mzee Odongo akaugeukia ukumbi, mikono imenyooshwa. "Mmesikia? Si mimi. Ni chuo kikuu." Kisha akamrudia Daktari. "Hicho chombo kinaondoka lini?"

Daktari akaeleza kwamba chombo cha kasi hiyo hakijaundwa, ni mfano tu.

"Kikiundwa," akasema Odongo akiketi, "jina la kwanza liwe la Opiyo. Tutamchangia chakula cha njiani."

Ukumbi ulicheka mpaka mandazi yakaacha kutafunwa. Mzee Opiyo peke yake hakucheka. Alivua kofia, akaiweka gotini, akaitazama. Akasimama polepole.

"Mwanangu," akamwambia Daktari, "mimi nimevua samaki maisha yangu yote. Boti ikitoka Asembo na maji yametulia, nikitazama ufuo naona ufuo ndio unaorudi nyuma. Ni kweli au ni uongo?"

"Ni kweli, Mzee."

"Sasa nimeketi katika chombo chako. Nachungulia dirishani. Nitaona dunia ndiyo inayokimbia, pamoja na Asembo, pamoja na Odongo na makelele yake. Ni kweli au ni uongo?"

"Ni kweli kabisa."

"Basi mimi nimetulia kitini. Aliyekwenda na kurudi ni Odongo. Yeye ndiye atakayerudi mtoto." Akavaa kofia yake, akaketi.

Yawa! Hata kanisani sijaona kelele kama ile. Nusu ya ukumbi ikawa ya Opiyo, nusu ya Odongo, na jamaa zao wa Asembo wakabishania kwa sauti kichwa cha samaki cha jioni hiyo kitakwenda kwa nani. Mama mmoja nyuma yangu aliyekuja kwa ajili ya chai tu alisimama juu ya kiti. Daktari Owiti, kwa upande wake, alikuwa anang'aa kama mtu aliyepewa zawadi. Swali ni lile lile, akasema, lile lile hasa, na furaha ikamfanya akimbie kwa Kiingereza: akataja hiki na kile, mabadiliko ya mwendo, mitazamo isiyolingana, na maneno mengine marefu kama mabehewa ya miwa. Akamaliza, akamgeukia mkalimani wake.

Nakhumicha akainua mkono. Akafungua kinywa. Nilijua kinachokuja, nikajiandaa kujibu "Haleluya."

Akafunga kinywa. Akateremsha mkono.

"Sitafsiri," akasema.

"Mama?" Daktari akashtuka.

"Mzee Opiyo amesema kweli. Mimi mwenyewe nimepanda feri ya Mbita, nikaona kilima kikiondoka na mimi nimeketi na kuku wangu. Na wewe umejibu jambo ambalo sikulielewa. Siwezi kuwapa watu kitu ambacho sijakielewa."

Sisi wa kanisani tukatazamana. Tangu lini? Mchungaji wetu, Waswa, aliyekuwa ameketi safu ya pili, alikohoa. Nakhumicha akamsikia.

"Mchungaji, ya mbinguni tutafika wote tuyaone," akamwambia. "Lakini hawa wawili wanarudi Asembo leo jioni, na mmoja atanyang'anywa kichwa cha samaki kwa neno langu mimi."

Wakaanza kubishana pale mbele, Daktari na mkalimani wake, wametusahau. Daktari akaanza kwa Kiingereza, akazuiwa. Akachanganya, akazuiwa tena.

"Kwa Kiswahili, mwanangu. Pole pole. Nani amefanya nini?"

"Opiyo amegeuka," Daktari akasema huku jasho likimtoka. "Kule kwenye nyota. Chombo kiligeuka kikarudi. Odongo hajageuka."

"Lakini Opiyo ameketi ndani, ameona Odongo na dunia yake ndio waliogeuka wakamrudia."

"Ameona hivyo. Lakini anayegeuka, mwili wake unajua, Mama. Ni kama... ni kama..." Akatazama huku na huku. Macho yake yakaangukia birika. "Chai!"

Maryanne akaleta vikombe viwili vimejaa hadi mdomoni. Kimoja akapewa Mzee Odongo, aketi nacho. Kingine akapewa Mzee Opiyo, atembee nacho hadi mwisho wa ukumbi, ageuke, arudi. Kikombe kitakachomwagika ndicho cha aliyegeuka. Hakuna haja ya kuuliza dirisha.

Mzee Opiyo si mjinga. Alijua kinachotafutwa. Akashika kikombe kwa mikono miwili na kuanza kutembea kama bibi harusi, hatua, pumziko, hatua. Tulimsubiri. Watoto walisinzia. Kule mwisho alijigeuza kidogo kidogo, kisigino kwa kisigino, macho kwenye chai, akarudi bila kumwaga hata tone.

"Haijamwagika!" upande wake ukapiga makofi.

"Amekwenda kama konokono!" Odongo akapiga kelele.

"Mzee," akasema Daktari kwa upole, "ukigeuka pole pole hivyo itakuchukua miaka mingi kugeuka. Na mwendo wenyewe ukiwa wa pole, hutapunguza umri. Kinachokufanya urudi mdogo ni kasi. Nenda kwa kasi, ugeuke, tuone."

Opiyo aliogopa kuonekana mwoga kuliko alivyoogopa kushindwa. Akaenda mbio, kweli mbio, kofia imeinama, na alipogeuka mguu ulikuwa umegeuka lakini chai ilikuwa bado inaendelea na safari ya kwanza. Ikaruka yote. Ikatua kwenye viatu vyeupe vya Daktari, aliyekuwa amemtangulia kule mwisho ili achunguze vizuri.

 Kutoka safu ya mbele tukasikia Mzee Odongo akivuta chai yake. Ilikuwa imejaa bado. Aliinywa kwa sauti.

"Sawa," Nakhumicha akasema baada ya vicheko kutulia. "Nimeona aliyegeuka ni nani. Lakini chai ni chai. Miaka minne je? Imemwagika wapi?"

Daktari alikuwa anafuta viatu kwa leso. Akaacha. Akaketi ukingoni mwa jukwaa, na Nakhumicha akaketi kando yake, na kwa muda walionekana kama mtu na shangazi yake wanaosubiri gari.

"Watu wawili wanaachana mahali pamoja," akasema Daktari taratibu, akilitafuta kila neno. "Baadaye wanakutana tena. Kati ya kuachana na kukutana kila mmoja amepita njia yake. Hizo njia si lazima ziwe na urefu mmoja."

Nakhumicha akakunja uso. Kisha uso ukakunjuka. "Kama Waliaula."

"Waliaula ni nani?"

"Mume wangu. Akitoka Muhoroni na pikipiki akanyooka hadi nyumbani, mita inasoma hivi. Akichepukia Miwani kwa rafiki yake wa pombe ya busaa, mita inasoma vingine. Alikotoka ni kule kule, alikofika ni hapa hapa. Na mimi sisemi mita imeharibika. Namwambia, 'Ulipitia Miwani.'"

Daktari akamshika mkono. "Hapo hapo, Mama! Saa ni mita. Kila mtu anatembea na yake. Ya Opiyo ni nzima, ya Odongo ni nzima. Njia ndizo zilizotofautiana. Ya Odongo imenyooka, ya Opiyo imepinda pale alipogeuka."

"Ngoja." Nakhumicha akautoa mkono wake. "Waliaula akipinda, mita inazidi. Wewe unasema Opiyo amepinda akapata miaka michache. Umenigeuzia."

"Nimegeuza, ndiyo. Na hapo ndipo wakati unapoachana na barabara. Barabarani, aliyenyooka ndiye mwenye kilomita chache. Kwenye wakati, aliyenyooka ndiye mwenye miaka mingi. Anayepinda kwa kasi anakata wakati, anatokea mbele akiwa ametumia michache."

"Kwa nini iwe hivyo?"

Daktari alifikiri. "Ndivyo tulivyoukuta ulimwengu, Mama. Lakini tumepima. Saa zilipandishwa ndege, zikazungushwa dunia nzima, ziliporudi zikawekwa kando ya zile zilizobaki. Hazikulingana, na zilitofautiana kama hesabu ilivyosema. Kidogo mno, kupepesa jicho ni safari ndefu ukilinganisha. Lakini hazikulingana."

Nakhumicha alifumba macho. Wale wa kanisani walidhani anaomba, na wawili watatu wakainamisha vichwa. Alipoyafumbua, akasimama akatugeukia, na akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, ya mtu anayeongea jikoni.

"Hakuna wakati mmoja mkubwa unaotupitia wote kama mvua," akasema. "Kila mtu anao wake, anatembea nao kama mita ya pikipiki. Mkiachana na kukutana, msiulize saa ya nani ni mbovu. Ulizeni nani alipita wapi. Wakiwa bado wanaachana, Opiyo ana haki ya kusema Odongo ndiye anayekwenda, na Odongo ana haki ya kusema ni Opiyo. Hakuna wa kuwaamua. Lakini ili wakutane mmoja lazima ageuke, na aliyegeuka anajijua, chai yake iko chini. Huyo ndiye anarudi na miaka michache. Basi."

Hakuna radi, hakuna ng'ombe. Nilimwelewa. Yule mama wa nyuma yangu akateremka kwenye kiti akasema, "Kumbe." Daktari Owiti alikuwa anamtazama kama mtu anayesikia jina lake likitamkwa vizuri kwa mara ya kwanza.

Mzee Opiyo akasimama, kikombe kitupu bado mkononi.

"Nimekubali," akasema. "Chai ni yangu. Nikienda nitarudi na miaka michache. Lakini sasa niulize: nikirudi, nitakuwa nimezaliwa upya? Nani alitoka kwanza tumboni kwa mama?"

"Ni wewe, Mzee," Daktari akasema.

"Na mkubwa ni aliyezaliwa kwanza au aliyeishi zaidi?"

"Mimi nimeishi zaidi!" Odongo akadakia, kana kwamba kaka yake ameshakwenda na kurudi.

Daktari akatikisa kichwa. "Hilo, wazee wangu, fizikia haijui."

"Anasema," Nakhumicha akatafsiri, ingawa ilikuwa imesemwa kwa Kiswahili, "fizikia inahesabu miaka, haigawi samaki."

Daktari akafungua kinywa apinge. "Hiyo sikuisema," akasema. "Lakini iache."

Maryanne anasimulia kwamba nyumbani Asembo mambo hayakutulia. Baba yake sasa hamwachi Opiyo apumzike. Kukiwa na jambo la kufuatwa ng'ambo ya ghuba, Odongo humwambia, "Nenda wewe, mwana wa mama, wewe ndiye mkubwa. Chukua boti ya injini. Ile kubwa." Ameambiwa mara nyingi kwamba kwa boti hatavuna hata chembe ya sekunde. Anasema chembe na chembe hufanya kibaba. Opiyo naye ameacha kupanda chochote chenye injini. Hutembea kwa miguu, taratibu sana, na akifika njia panda huzunguka kwa uangalifu. Daktari amempigia Odongo simu kumweleza kwamba kaka yake ameelewa vizuri kuliko wanafunzi wake kadhaa. Odongo alikata simu.

Lakini aliyebadilika kweli ni Nakhumicha, na sisi wa Manyatta ndio tuliopata tabu.

Jumapili ya pili baada ya siku ile tulipata mgeni kutoka Nairobi, suti ya bluu, sauti nzito. Alianza vizuri, Nakhumicha akaenda naye bega kwa bega, wakakohoa pamoja. Kisha mgeni akapanda juu. Akatamka kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa kitu kama kuingia katika kipimo cha kufurika cha sasa. Sisi tukavuta pumzi tuseme "Amina."

Nakhumicha akamgusa mgeni kwenye mkono wa suti. "Samahani, Baba. Kipimo gani?"

Mgeni akayarudia maneno yale, kwa nguvu zaidi.

"Nimesikia. Nauliza maana yake. Tukiingia, tunakuwa wapi? Sasa tuko wapi?"

Mchungaji Waswa akafunika uso kwa Biblia. Mpiga kinanda, asiyejua la kufanya, akabonyeza noti moja akaiacha ikilia. Mgeni akatazama karatasi zake, akageuza moja, akageuza nyingine. Jasho likatokea kwenye paji la uso. Nilimwonea huruma, na nilitamani Nakhumicha ainue mkono apitishe neno lile kwa "Haleluya" kama zamani. Hakuinua. Alisimama akimngojea, bila ubaya, kama anavyomngojea mteja anayehesabu chenji.

Mwishowe mgeni akashusha karatasi.

"Mama," akasema, na sasa alikuwa anazungumza Kiswahili, Kiswahili cha nyumbani kwao, kizuri tu, "kusema ukweli sijui. Nililisikia mahali nikalipenda."

Nakhumicha akatugeukia. "Anasema hajui. Alilisikia mahali akalipenda."

"AMINA!" kanisa likajibu, na nakwambia mabati yalitikisika. Mgeni akashtuka, kisha akacheka, akavua koti, akatuhubiria kwa Kiswahili kuhusu mama yake aliyekuwa akiuza maziwa, na hakuna aliyechungulia simu. Tulitoka mapema hivi kwamba maharagwe nyumbani hayakuwa yameiva.

Siku hizi Mchungaji huwaonya wageni kabla ya kuja. Wengine huahirisha. Wanaokuja hupitia kwanza Kibuye katikati ya wiki, wakijifanya wanatafuta viatu, na utawaona wameinama juu ya meza ya Nakhumicha, mhubiri mzima na kiatu kimoja mkononi, akiulizwa, "Hapo kwenye neema, unataka kusema nini hasa?" Daktari Owiti naye huja. Wiki iliyopita alikuja kuuliza aliite nini lile shimo la angani ambalo hata mwanga ukiingia hautoki. Nakhumicha amemwambia asubiri. Kwanza aeleze mwanga ulikuwa unatafuta nini huko. Walikuwa bado wanabishana nilipofunga meza yangu, na yeye alikuwa ameuza jozi moja tu kutwa nzima, tena kwa Daktari.